Mzee wa Kioo Asiyejua Ukoo Wake

Niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kukaa nyumba moja na kitu kinachokutazama, na hujui kinatazama nini? Paka namjua, akikodoa macho yuko na panya wake. Mbwa yuko na mlango. Lakini kile kishikwambi walichompa mjukuu wangu shuleni kilikuwa na kidoa cheusi juu ya kioo, kidogo kama punje ya mtama, na ndani ya kidoa hicho, walisema, mna jicho.

Kilikuja mwishoni mwa baridi, mipichi imechanua kabla ya kutoa majani, na upepo unatimua vumbi mpaka ndani ya sufuria. Nyakallo alikileta kifuani ndani ya blanketi lake, kama tunavyobeba mwanakondoo aliyezaliwa kwenye theluji. Akakiweka mezani, akakifuta kwa upindo wa sketi.

"Nkhono, hiki ni cha kusomea," akasema. Nkhono ni bibi kwa lugha yetu Wasotho.

"Kinakula nini?"

"Kinakula jua." Akanionyesha kibao cheusi, kikubwa kama sinia, cha kuanika juani.

"Basi kitashiba. Jua tunalo, mvua ndiyo hatuna."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakitazama kidoa.

Nyakallo ni mtoto wa binti yangu Mpolokeng, anayeshona suruali kiwandani Maseru na huja Krismasi na Pasaka. Mtoto nimemlea mimi, na marehemu mume wangu alipokuwa hai, tangu hajaacha kunyonya. Nimemlea kwa mkono wa zamani: kitu anakipokea kwa mikono miwili, hapiti mbele ya mtu anayekula, na wakubwa wakizungumza yeye anasikiliza. Na kichwa chake ni chepesi kwa hesabu. Kukiwa na msiba au harusi hapa kijijini Ha Letlatsa, wanawake humwita wakamwambia watu watakuwa kadiri gani, naye akawaambia unga wa papa utoke kiasi gani, wala chakula hakipungui wala hakimwagwi. Papa ni ugali wetu. Kumwaga papa kwetu ni aibu kuliko kuchoma nyumba.

Mwalimu wao, ntate Phakoe, ndivyo tunavyowaita wanaume kwa heshima, alituita wazazi shuleni akatueleza. Ni kijana mpole, shingo ndefu, koti lake limepauka mabegani. Alisema watoto wa darasa la saba watafundishwa hesabu na hivyo vishikwambi kila jioni nyumbani. Mwezi wa kumi watafanya mtihani humohumo ndani ya kioo. Atakayeshinda katika shule yetu atapata nafasi katika shule ya bweni kule chini tambarare, ada na vitabu na sare vyote juu ya watu wa mradi. Nafasi ni moja.

Watu wote wakageuka kunitazama mimi. Walijua nafasi hiyo ina jina la nani.

Baba mmoja aliuliza, "Na wakifanyia nyumbani, nani atawasimamia wasitazamiane?"

"Mashine yenyewe, ntate. Ina jicho. Inajua mtoto anapotazama."

"Inajua?"

"Inajua," mwalimu akasema, na nikaona anaipenda ile mashine kama mtu anavyompenda farasi ambaye bado hajamwangusha.

Sasa ngoja nikwambie aliyekuwa akiishi ndani ya kile kioo. Alikuwa mzee. Mzee kabisa, ndevu nyeupe, kofia ya majani yenye fundo juu, blanketi zuri la kahawia limebanwa begani kwa pini kubwa. Watu wa mradi walimchora wakamtia sauti, wakamweka kwenye pembe ya kioo, ili watoto wetu wajisikie wako nyumbani. Hakuwa anaondoka. Anasoma swali kwa sauti, na akisoma anamkazia mtoto macho, hapepesi. Mtoto akipata, anasema, "Vizuri sana, mjukuu wangu." Akikosa, anasema, "Tujaribu tena, mjukuu wangu." Kwa sauti ileile. Alizungumza Kisotho safi, lakini Kisotho ambacho hakijawahi kupigwa na baridi.

Jioni ya kwanza nilimwamkia. Usicheke, mzee ameingia nyumbani kwangu, ningefanyaje? Nilimwamkia nikamuuliza habari za watu wake. Akanyamaza. Nikamuuliza kama tunavyomuuliza mgeni yeyote: "Ntate, ukoo wako ni upi? Wewe ni wa mamba, wa simba, wa sungura?"

Yule mzee akasema, "Samahani, sijakuelewa. Tujaribu tena, mjukuu wangu."

"Amekuita mjukuu," Nyakallo akasema, mkono mdomoni.

"Nimemsikia. Mzee wa umri huo hajui ukoo wake, na mimi mwenzake ananiita mjukuu. Huyu ametoka wapi?"

Tangu siku hiyo sikumwamini. Nilipobadilisha nguo nilikifunika kishikwambi kwa kitambaa cha mkate. Nilipoongea mambo ya jirani nilitoka nje. Nyakallo aliniambia, "Nkhono, hasikii ukimzima," nami nikamuuliza, "Nani amekwambia, yeye?"

Jioni zilikwenda. Mimi napika, yeye amekaa kwenye kigoda, blanketi magotini, kile kioo kimesimamishwa kwenye debe la chumvi. Nilikuwa nasikia sauti ya mzee, kisha kimya, kisha kidole cha mtoto kinagonga, kisha "vizuri sana, mjukuu wangu." Karibu kila mara vizuri sana. Lakini mwisho wa somo yule mzee alikuwa na neno lingine. Alisema, "Leo hukuwa makini. Kumbuka kutazama mbele."

"Anakugombeza kwa lipi, na umepata yote?" niliuliza siku moja.

"Sijui, nkhono."

"Hujui au husemi?"

Akajikunyata. Nilimwacha. Ila neno lile lilinikaa kooni kama mfupa wa kuku.

Mtihani ulifanywa Jumamosi asubuhi, watoto wote kwa wakati mmoja, kila mtu kwao. Nilitoka nikakaa nje na kazi yangu ya kufuma ili asiseme nilimpotezea mawazo. Alipomaliza alitoka, akanawa uso kwenye karai, akaenda kuchota maji. Sikumuuliza umefanyaje. Niliuona uso wake, ulikuwa mwepesi.

Juma lililofuata ntate Phakoe akaja. Alikuja kwa miguu, akakataa kigoda mara ya kwanza, nikajua habari si njema. Nilimpa motoho, uji wetu mchachu, akanywa kidogo akashika kikombe.

"Mama, mtoto amekuwa wa kwanza," alisema.

"Mungu asifiwe. Mbona unakunywa kama umefiwa?"

"Mashine imemshuku."

Nikaweka mwiko chini. "Imemshuku kwa lipi?"

"Inasema kila swali anatazama chini, mapajani. Anakaa hivyo mpaka swali liishe. Halafu anainua macho, anajibu sawa. Ina maana kuna kitu pale chini anakisoma. Au kuna mtu."

"Mtu mapajani kwa mtoto?"

"Simu, mama. Karatasi. Watoto siku hizi wana mbinu."

"Simu hapa ni yangu, ni ya vibonye, na taa yake imekufa. Na asipotazama chini, hapati?"

"Hajawahi kutotazama chini," mwalimu akasema. "Hilo ndilo tatizo. Hata jioni za mazoezi, zote, mashine imeandika hivyo hivyo. Watu wa mradi kule Maseru wanataka niwape neno kabla ya Ijumaa. Nikisema sijui, nafasi inakwenda shule nyingine. Nikisema kaiba, anafutwa kabisa, hata mwakani."

"Na ukisema hajaiba?"

"Watataka nithibitishe. Mimi nitathibitishaje, mama? Sikuwapo. Mashine ilikuwapo."

Nyakallo alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani. Sijui alisimama tangu lini. Mwalimu akamgeukia: "Nyakallo, kuna kitu unataka kuniambia?"

Akashusha ndoo taratibu. Akatazama miguu yake. "Hapana, ntate."

Wewe umelea watoto, unajua. Mtoto akikaa kimya mbele ya mtu mzima, kwetu ni adabu, au ni hatia. Kwa nje vinafanana. Ntate Phakoe alinitazama, nami nikamtazama, na nikaona kila mmoja anamwomba mwenzake aseme ni kipi.

Alipoondoka nilifanya jambo ambalo sikulipenda, na nililifanya kwa makini. Nyakallo alikuwa ameenda kuwafungia kondoo. Nilikung'uta blanketi lake. Nikapapasa upindo wote, mshono kwa mshono, kama nilivyokuwa napapasa la mume wangu kutafuta tumbaku. Nikainua godoro. Nikafungua mfuko wake wa shule, nikatoa kila kitu: kitana, penseli iliyobaki kipande, pichi zilizokaushwa ndani ya kitambaa, soksi moja. Nikatazama chini ya kigoda. Nikakilaza kigoda ubavu, nikatazama tena. Hakuna.

Halafu nikakigeukia kishikwambi. Kilikuwa mezani, kimezimwa, kioo cheusi, na ndani yake nikaiona sura yangu na kitambaa cha kichwa kimepinda. Nikakiambia, "Wewe ndiye unayejua. Sema basi." Kidoa kikanitazama.

Nyakallo aliporudi alisimama katikati ya nyumba. Vitu vilikuwa mahali pake, lakini mtoto anajua.

"Ulikuwa unatafuta nini, nkhono?"

"Kiberiti."

"Kiberiti kiko jikoni, pale kinapokaa siku zote."

"Nimeshakiona."

Tukala papa na mboga. Nilimkatia kipande cha chini, chenye ukoko, anachokipenda. Akakila kwa adabu, wala si kwa furaha. Mwisho nikaona bora nimuulize kama mtu.

"Mapajani kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu ndicho kinachotoa majibu?"

Akafuta sahani kwa kidole.

"Na shule yenyewe, unaitaka?"

"Kama nyinyi wakubwa mtakavyoona."

Jibu zuri, mtoto mwingine angesifiwa kwa jibu hilo. Mimi jioni ile lilinitia baridi. Nilifikiri: asiyekitaka kitu anaweza kukiharibu makusudi. Au anakitaka sana mpaka akaiba, sasa anaogopa. Nikaanza kumhesabia hata anavyopumua. Angalia mashine ilichokifanya: ilikuwa na jicho moja, sasa nyumba nzima ilikuwa ikitazamana.

Kesho yake alikuja Puseletso, mtoto wa jirani, anayesoma darasa moja na Nyakallo. Ametumwa kuazima ungo. Mtoto huyo mdomo wake hauna mlango. Nyakallo alikuwa ameenda mtoni, nikaona hapa ndipo pa kuchotea.

"Na wewe mtihani umeendaje?"

"Hesabu zimenitupa nje, nkhono. Lakini kwa uaminifu mimi ni wa kwanza darasani. Mwalimu kasoma mbele ya watu wote."

"Wewe mwaminifu? Wewe uliyekula mayai ya kuku wangu aliyekuwa anaatamia?"

"Hayo mashine haikuyaona."

Nilicheka, siwezi kukudanganya. Nikampa ungo, lakini sikuuachia. "Umeifanyaje mpaka ikuamini?"

"Kwa kumfunika yule mzee, basi."

"Kumfunika vipi?"

"Sote tumemfunika. Unabandika karatasi ya pipi usoni pake, pale pembeni, basi. Anaendelea kusema, lakini hakukodolei. Ukimwacha wazi utafanyaje, nkhono? Mzee mzima anaongea na wewe, anakutazama machoni, lazima utazame chini. Ukitazama chini, mashine inakuandika. Kwetu mama alinipiga kofi siku ya kwanza, kanikuta nimemtumbulia macho yule mzee, akasema huyo hata kama ni wa kioo ni mzee."

Ungo ukaniponyoka. Puseletso akauokota.

"Na Nyakallo? Yeye hakubandika?"

"Huyo?" Puseletso akabetua midomo. "Tulimpa karatasi, akakataa. Alisema mzee hafunikwi uso mpaka afe. Akasema sisi tunamzika mtu akiwa hai. Tukamcheka mpaka akaenda zake."

Nilikaa. Nilikaa pale pale kwenye kizingiti, mahali ambapo mtu mzima hakai. Nilimwona mume wangu kwenye mkeka, na Nyakallo mdogo amenishika sketi, anatazama wanavyomvutia blanketi juu ya ndevu zake. Aliniuliza siku ile mbona wanamfunika uso, atapumuaje. Nilimjibu kwamba mzee akifunikwa uso, hahitaji tena kupumua. Kumbe neno lile aliliweka moyoni.

Lakini hata hapo, sikiliza, sikujipa moyo haraka. Maelezo mazuri ni kama nyama yenye chumvi nyingi, inaweza kuwa inaficha uvundo. Nilijifunga blanketi nikamchukua Nyakallo na kishikwambi chake, tukapanda hadi nyumbani kwa ntate Phakoe nyuma ya shule.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, anakuna shingo.

"Zile karatasi za pipi nilizikuta," alisema. "Nilidhani ni uchafu wao tu, nikawaambia wafute." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, unisamehe. Wewe ni bibi yake. Bibi gani asingekuja na maelezo?"

"Ndiyo maana sikuja na maelezo peke yake. Nimekuja na mtoto. Mwekee maswali ambayo hajayaona, blanketi alivue, akae pale katikati, mimi na wewe tutazame."

Akafikiri, akakubali. Nyakallo akavua blanketi akalikunja. Akakaa na gauni lake la shule, mapajani hakuna kitu, mikono juu ya magoti, na baridi ilimfanya atetemeke kidogo. Mwalimu akakiwasha kishikwambi.

Mzee akatokea na kofia yake. Akamkazia macho. "Swali la kwanza, mjukuu wangu." Na hapo hapo shingo ya Nyakallo ikalainika, macho yakashuka. Hayakwenda kutafuta kitu. Yalishuka tu, kama kope za mtu anayeomba. Akasikiliza mpaka mwisho, midomo inasogea kidogo kwa hesabu. Mzee aliponyamaza, akainua macho, akagonga jibu, akayashusha tena. Swali la pili hivyo. La tatu hivyo. Mapajani palikuwa na magoti yake, hakuna kingine.

Mwalimu alisema ghafla, "Nyakallo, leo umekula nini?"

"Motoho, ntate," akajibu, anatazama sakafu.

Ntate Phakoe akainama, akajaribu kumwona usoni. "Miaka yote nimemfundisha," akasema, "sijui macho yake yana rangi gani. Wala sikuwahi kuona kama ni kasoro. Mimi mwenyewe baba yangu angenivunja meno."

Yule mzee akamaliza: "Leo hukuwa makini. Kumbuka kutazama mbele."

"Sasa afunikwe," nikasema.

Mwalimu akachana kipande cha karatasi, akakilowesha kwa ulimi, akanyoosha mkono. Mkono ukafika karibu na ndevu zile, ukasimama. Akautazama. Akanitazama. Mwanamume mzima, mwenye cheti, masikio yamemwiva.

"Lete," nikamwambia. "Mimi ni rika lake. Na hajui hata ukoo wake." Nikambandika usoni. Nyakallo aligeuza kichwa pembeni asione.

"Huyu hajafa," nikamwambia. "Huyu hajawahi kuzaliwa. Ni rangi tu, mtu kachora. Tazama swali."

Sauti ikaanza chini ya karatasi. Mwanzoni shingo ilitaka kulainika, kisha ikakataa. Akatazama kioo. Maswali yalikuwa magumu zaidi, mwalimu aliniambia baadaye, lakini kidole kilikwenda vile vile. Mwisho sauti ikasema, "Leo ulikuwa makini sana, mjukuu wangu. Nakuamini."

Ntate Phakoe akatabasamu. Mimi sikutabasamu. Kitu kinachomwamini mtoto siku anapoacha adabu yake, mimi nitakiaminije? Sikulisema. Nilimpa Nyakallo blanketi lake.

Simu kwetu inashika kwenye majabali ya juu, mahali wachungaji wanapoota jua. Tulipanda Alhamisi, sisi watatu. Mwalimu akampigia mama wa mradi, jina lake Refiloe, akaiweka simu juu ya jiwe tusikie sote. Upepo ulikuwa mkali, tukaizunguka kama watu wanaokinga moto.

Mwalimu akaeleza. Alieleza vizuri, hakuficha hata lile la mkono wake kusimama. Yule mama alisikiliza, kisha akashusha pumzi.

"Ntate Phakoe, wiki hii kila mwalimu amenipigia na hadithi. Mmoja kaniambia mtoto wake alitazama pembeni kwa sababu ya nyoka. Mwezi huu, na baridi hii."

"Hii si hadithi, mama. Nimeona kwa macho yangu."

"Na ni mwanafunzi wako, na ni shule yako."

Nikainamia simu. "Mama, mimi ni bibi yake. Hata mimi nilimshuku. Nimekung'uta mpaka godoro."

Nyakallo aliyekuwa nyuma yangu akavuta pumzi. Niliisikia kuliko upepo.

Kisha yule mama akasema kwa sauti nyingine, iliyoshuka kidogo, kama mtu aliyevua viatu, "Mimi pia ni wa milimani, nkhono. Yule mzee tulimtafuta kwa muda mrefu, tukijadili mpaka pini ya blanketi. Tulitaka watoto wamheshimu."

"Wamemheshimu," nikasema.

Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Naweza kumletea mtihani wa karatasi, asimamiwe na mtu kutoka ofisini kwetu. Hilo naweza. Lakini kuna jambo lingine naliona hapa, nalo karatasi hailitibu. Kabla ya maswali, mashine iliwauliza watoto wote: je, unataka kwenda shule ile? Wengine wote walijibu. Wenu hakujibu. Alitazama chini mpaka muda ukaisha. Nafasi ni moja, ntate. Mwaka jana nilimpeleka mtoto ambaye wakubwa wake ndio waliotaka, akatoroka kwa miguu kurudi kwao. Sitaki neno la mwalimu, sitaki la bibi. Yupo hapo?"

"Yupo," mwalimu akasema.

"Basi nataka kusikia kwake."

Mwalimu akasogea kando. Nami nikasogea, Nyakallo akabaki mbele ya lile jiwe. Ulimi wangu ulikuwa tayari. Neno *anataka* lilikuwa limeshafika kwenye meno, kwa sababu ndivyo tulivyo: wakubwa ndio wanaomsemea mtoto, na mtoto anayesema "nataka" mbele ya watu tunasema kwao wanamlaza njaa. Nikalitafuna neno lile nikalimeza. Chini huko kengele ya kondoo ililia, ikanyamaza.

"Mwanangu," simu ikasema, "hakuna anayekutazama hapa. Mimi sina jicho. Unataka, au hutaki?"

Nyakallo alikusanya blanketi shingoni. Aliyatazama mawe yaliyo miguuni pake, pale pale macho yake yanapokaa, nami sikutamani ayainue.

"Nataka, mama," akasema. "Nilitaka tangu siku ntate Phakoe alipoitaja. Nkhono aliniuliza, nikaogopa kusema, kwa sababu nikienda atakosa wa kumchotea maji. Na yule mzee sikumjibu kwa sababu simjui. Lakini nataka kwenda. Nataka sana."